Ampu ya Kumfunika Omolo

Kitengela, 13 Januari 2025

Nailantei yangu,

Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikikupigia simu nitalia, na sitaki kulia. Nataka kukuuliza swali la ufundi. Lakini lazima nianze na kilichonipata, la sivyo utadhani nimerukwa na akili.

Jumamosi nilienda kwa Zipporah, yule tunayefanya naye kazi maabara pale kliniki. Dada yake aliolewa Mashuuru mwaka jana na bendi yetu ndiyo iliyopiga. Akaniwekea video ya harusi kwenye TV ili nijione. Mpiga picha alikuwa amechukua sauti moja kwa moja kutoka kwa mixer, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, kwa hivyo kila kitu kilikuwa safi: Omolo akiimba, dramu za Musau, besi, kinanda. Kisha nikajiona. Nimesimama kushoto na gitaa langu, vidole vinakimbia, macho nimefumba kwa utamu. Na gitaa halisikiki. Sisemi lilikuwa chini, Nailantei. Halikuwepo. Pale kwenye solo yangu, ile niliyoitunga mwenyewe, kinanda ndicho kilichokuwa kinaicheza, noti kwa noti.

Zipporah akasema nimependeza sana na ile nguo ya kijani.

Jana nilimtafuta Brayo, anayetushughulikia mitambo ya sauti. Anahama, amepata kazi Nakuru, labda ndiyo sababu hakuona haja ya kuficha. Nilimuuliza wazi. Akaangalia chini, kisha akaniambia kwamba tangu nijiunge na bendi, Omolo alimwagiza gitaa langu liende kwa monita yangu peke yake, ile spika ndogo iliyo mbele ya miguu yangu. Spika kubwa za watu zisipate kitu. "Alisema mradi unajisikia mwenyewe, utaridhika," Brayo akaniambia.

Miaka miwili. Harusi zote hizo, matanga, sherehe za shule. Picha yangu na gitaa iko kwenye kila bango lake, kwa sababu mwanamke mwenye gitaa analeta kazi. Watu walikuwa wananipigia makofi, na mimi nilidhani ni kwa kile walichosikia.

Sijamwambia Omolo kwamba najua. Wala sitatoka kwenye bendi, bado. Nataka ampu yangu mwenyewe, mtambo wa kukuza sauti ya gitaa, na boksi langu mwenyewe la spika, nisimame jukwaani bila kupitia kwa mixer ya mtu. Nimeona kuna zile ampu ndogo zinazokaa kwenye ubao pamoja na pedali, vile vitufe vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gitaa. Wewe umezitumia. Nataka moja itakayomshinda Musau kwenye mazoezi, na nilishakusimulia Musau anavyopiga. Kile kiampu changu cha chumbani, yeye akianza, hata mimi sijisikii. Boksi niko nalo, spika moja ya inchi kumi na mbili, nililipata kwa kanisa lililokuwa linauza vyombo. Nyuma limeandikwa ohm 8.

Niambie ninunue gani. Nataka siku moja Omolo afungue mdomo na asisikie anachoimba.

Wako mwenye hasira,
Achola


Illasit, 16 Januari 2025

Supa, Achola,

Nimesoma barua yako nikiwa shambani kwa nyanya zangu, nikaisoma tena nikiwa nimeketi. Mimi nakodisha mitambo ya sauti, nimefanya kazi na bendi nyingi, na nimeona watu wakishushwa sauti kwa sababu wamelewa au wamesahau wimbo. Hiyo yako sijawahi kuona. Sitakwambia umsamehe. Twende kwa ampu.

Utaona za wati arobaini na kitu. Ziache. Chumbani ni tamu, lakini Musau atazimeza kabla ya korasi. Chukua ile kubwa kati ya ndogo, iliyoandikwa wati mia mbili. Itatosha kwenye ubao, haizidi ukubwa wa tofali. Lakini usidanganywe na maandishi ya juu. Hizo mia mbili ni kama spika yako ni ohm 4. Kwa ohm 8 utapata mia moja na kidogo. Bado inatosha kumkabili mpiga dramu, ila usiwe na matarajio ya miujiza. Hakikisha pia spika yako inaweza kubeba nguvu hiyo, usije ukaiunguza siku unayoihitaji.

Iko na chaja yake, itumie hiyo. Usiilishe na ule umeme wa pedali. Na kutoka kwa ampu kwenda kwa boksi nunua waya wa spika, ule mnene. Waya wa gitaa ni mwembamba, utapata moto badala ya sauti.

Sasa sikia jambo ambalo wauzaji hawatakwambia. Mtu hafunikwi na wati peke yake. Mnafanya mazoezi kwenye stoo ya chakula cha kuku, sivyo? Yale magunia yanakula sauti nyembamba yote. Na besi na dramu zimejaza chini. Kilichobaki ni katikati, na katikati ndiko Omolo anakoimba. Kwa hivyo tafuta ampu iliyo na kitufe cha sauti za kati, uzipandishe hizo. Ukitaka kumfunika mtu, kaa pale pale alipokaa yeye.

Niambie mazoezi yalivyoenda. Na kula, najua wewe ukikasirika huli.

Nailantei


Kitengela, 3 Februari 2025

Ipa, Nailantei, salamu yako nimeiitikia.

Nimeipata. Kijana wa dukani alitaka kuniuzia ile ndogo, akasema hiyo kubwa ni ya wanaume wa muziki mzito wa metal. Nikamwambia aifunge kubwa. Nimeiweka kwenye kona ya ubao, karibu na pedali ya mwangwi, na mtu asiyejua atadhani ni pedali nyingine tu. Hata boksi nililiweka nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, likitazama bendi.

Jumamosi tulikuwa na mazoezi. Niliiweka nusu. Nilifuata maneno yako, nikapandisha za kati, nikapunguza za chini. Musau alipoanza kuchapa, nikapiga kodi ya kwanza, nyuzi zote kwa pamoja, akainua kichwa. Akacheka kwa furaha, jinsi mtu anavyocheka akikutana na rafiki wa zamani barabarani. Tulikwenda naye bega kwa bega wimbo mzima. Nilikuwa nimesahau kwamba bendi ni hivyo.

Omolo alisimamisha wimbo. Akauliza nani ameongeza sauti. Nikasema samahani, kiampu changu kiliharibika nikaazima kingine, bado sijakizoea. Nikakipunguza huku nikitabasamu. Alinishika bega akaniambia, "Madam, gitaa ni kama chumvi, kidogo tu." Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Nimechagua siku. Tarehe mosi Machi kuna harusi kubwa Isinya, binti wa mzee mmoja mwenye mashamba ya maua anaolewa. Kati ya wageni atakuwepo mama mmoja anayefungua hoteli hapo Isinya na anatafuta bendi ya kila wikendi. Omolo haongei kingine. Ameshona suti. Hiyo ndiyo siku nitakayoifungua ampu yote. Nataka aniombe nishushe mbele ya huyo mama, na mimi nisishushe.

Brayo ameshaondoka. Omolo anahangaika kutafuta mtu wa mitambo.

Achola


Illasit, 12 Februari 2025

Achola,

Kaa chini. Omolo amenipigia.

Alipata nambari yangu kwa watu wa Loitokitok niliowafanyia kazi Krismasi. Hajui kwamba tunajuana, na mimi sikumwambia. Anataka nilete mitambo yangu Isinya na nikae kwa mixer siku hiyo. Nimekubali.

Tulipomaliza kuongea mambo ya spika na umeme, akashusha sauti kama anayeniletea siri ya ukoo. Akasema, "Niko na mpiga gitaa mwanamke, ni wa kuonekana tu, mpe kwa monita yake basi." Nikamuuliza kama mwenyewe anajua. Akacheka. Alichosema baada ya hapo nitakwambia tukionana.

Sasa fikiria. Mimi ndiye nitakayekuwa na mkono kwenye vitufe. Naweza kumfanyia yeye kile alichokufanyia. Sauti yake iende kwa monita yake peke yake. Aimbe, ajisikie, afurahi, na mtu yeyote asisikie. Niambie tu.

Nailantei


Kitengela, 13 Februari 2025

Nailantei,

Hapana. Usiku nimeamka mara mbili nikitaka kukuandikia ndiyo, na jibu bado ni hapana.

Yeye alinishinda kwa kunizima. Nikimzima, sitawahi kujua kama ningemshinda kwa gitaa. Nataka awe na maiki yake, spika zako zote, suti yake mpya na kila kitu anachotegemea, na bado nimfunike. Nataka ajue ni mimi niliyemfunika wala si waya. Mpe sauti yote anayotaka. Gitaa langu usiliguse, mimi niko na boksi langu.

Niahidi.

Achola


Illasit, 13 Februari 2025

Sawa.

Nailantei


Kitengela, 2 Machi 2025

Nailantei,

Ulisema sawa.

Sikujua pale pale, na hilo ndilo linaloniuma. Niliona watu wakicheza kama wazimu. Nilifungua ampu yote kwenye wimbo wa tatu, kama nilivyopanga, na hema zima likainuka. Akina mama wa Isinya walikuja mbele wakaanza kunipungia vitambaa. Nililia, Nailantei, nikicheza. Nikamwangalia Omolo nione anavyoumia. Alikuwa anaimba huku amefumba macho, mishipa ya shingo imesimama, anatabasamu. Nikashangaa, huyu mbona haumii? Nikaongeza. Yeye akaendelea kutabasamu. Alikuwa anajisikia vizuri sana.

Ulifunga vyombo haraka ukaondoka bila hata kunipungia mkono. Nilidhani ni ule mpango wetu wa kujifanya hatujuani.

Kisha yule mama wa hoteli akaja nyuma ya jukwaa. Alinishika mikono yote miwili. Akasema hajawahi kusikia gitaa la namna hiyo tangu aje Kajiado, na kwamba hoteli itafunguliwa Aprili na anatutaka. Halafu akaangalia huku na huku akauliza, kwa upole kabisa, "Lakini mbona bendi nzuri hivi haina mwimbaji?"

Omolo alikuwa amesimama karibu naye kabisa, jasho linatiririka, sauti imekauka kwa kuimba nyimbo ishirini. Alifikiri mama anatania. Akacheka. Mama hakucheka. Omolo akageuka akaniangalia, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, akielewa. Na mimi nikaelewa wakati huo huo.

Nisikudanganye. Kuna muda mfupi, labda pumzi moja, nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Kisha ikaisha, na nikabaki na mikono ya huyo mama mikononi mwangu, bila kujua kama alikuwa ananisifu mimi au anasifu nafasi tupu uliyoniachia. Mtu yeyote husikika pale ambapo wengine wamezimwa. Kinanda kingesikika. Filimbi ya mtoto ingesikika.

Umenifanyia kile kile alichonifanyia yeye. Uliamua watu wasikie nini, ukaniacha nijidanganye jukwaani. Tofauti ni kwamba wewe nilikuamini.

Achola


Illasit, 5 Machi 2025

Achola,

Sitakuomba msamaha kwa yote, nitakuomba kwa moja. Nilisema sawa na haikuwa sawa. Huo ulikuwa uongo, na wewe hukuustahili.

Kwa lingine sijuti. Nilikwambia kuna kitu Omolo alisema kwa simu nitakachokueleza tukionana. Nilipomuuliza kama unajua, alisema, "Mwanamke akisikia sauti yake mwenyewe huwa anatosheka. Wewe ni fundi, utanielewa." Aliniambia mimi, Achola. Mimi ambaye nimebeba spika kutoka Illasit mpaka Namanga, ambaye kila harusi lazima aje mwanamume wa familia kuniuliza fundi yuko wapi. Alitaka mkono wangu ufanye hiyo kazi na alitarajia nicheke naye.

Wewe ulikuwa na kisasi chako. Mimi nilikuwa na changu, na mixer ilikuwa yangu. Nilipanga kumzima wimbo mmoja tu halafu nimrudishe. Nilipoona anavyotabasamu, mkono ulikataa.

Lakini kuhusu gitaa lako, sikia fundi anavyokwambia. Sikukupandisha. Hukuwa kwenye mixer yangu hata kidogo. Ulishindana na dramu za Musau, besi na kinanda, vyote nimevifungulia kabisa, na kwa spika moja ya inchi kumi na mbili ulivipita. Nilikuwa mita nyingi kutoka kwako na nywele zilinisimama.

Kama huniamini, na uko na haki, basi jipime mwenyewe. Mazoezini hakuna mimi. Hakuna mixer ya mtu.

Nailantei


Kitengela, 10 Machi 2025

Kwa Achola,

Nimejaribu kukupigia, hushiki. Naandika ili ubaki na maneno yangu vizuri, maana Jumamosi pale stoo hukunipa nafasi.

Sipendi ulivyofanya mbele ya wenzetu. Mimi ndiye niliyeanzisha hii bendi. Mimi ndiye niliyekutoa kwa kwaya ukiwa hujui kushika kodi ya F. Kiongozi anaweza kukosea, lakini haitwi mwizi mbele ya mpiga dramu wake.

Nitakueleza ukweli mara moja. Ulipojiunga, mkono wako ulikuwa bado. Nilimwambia Brayo akuweke kwa monita ili usituaibishe, na ili wewe mwenyewe usiaibike. Ilikuwa ya mwezi mmoja hivi. Baadaye ukawa mzuri. Nilijua umekuwa mzuri. Lakini kila nilipofikiria kumwambia Brayo akufungulie, niliona utagundua tofauti, utauliza, na mimi nitajibu nini? Kwa hivyo nikaacha. Siku zikapita. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sikukuchukia.

Rudi. Solo zote zitakuwa zako. Jina lako litaandikwa kwenye bango, si picha tu. Zungumza na Musau naye, hachukui simu yangu. Na yule mama wa hoteli tafadhali mweleze kwamba ilikuwa hitilafu ya mitambo.

Yule fundi wa Illasit alitumwa na nani? Swali hilo nitajibiwa siku moja.

Omolo


Kitengela, 14 Machi 2025

Nailantei,

Nilifanya ulivyosema. Bado nimekukasirikia kidogo, lakini nilifanya.

Jumamosi nilifika stoo mapema. Walikuwa wameuza karibu chakula chote cha kuku, magunia yamebaki machache ukutani, na chumba kilikuwa kinalia kama tangi tupu. Nililitoa boksi langu pale nyuma nikaliweka katikati, wote walione. Omolo alipoingia nilimwambia kila kitu, video ya Mashuuru, Brayo, monita. Sikupaza sauti. Musau aliweka vijiti vyake chini, akamuuliza Omolo kama ni kweli. Omolo akasema kila bendi iko na utaratibu wake.

Nikamwambia, "Juzi wewe hukusikika. Mimi sijasikika miaka miwili. Leo tusikike wote, halafu tuone." Nikamwacha apange maiki yake mwenyewe. Alipandisha mpaka spika zikaanza kupiga filimbi, akapunguza kidogo sana, akasema haya. Alikuwa na hakika, Nailantei. Hata alivua koti.

Tulianza na wimbo wake mwenyewe, ule anaoupenda. Ubeti wa kwanza nilimwachia wote. Aliimba vizuri, lazima niseme, alikuwa na sauti siku hiyo. Ubeti wa pili nikaingia. Nilikanyaga pedali ya kuongeza, ampu ikiwa imefunguliwa robo tatu, nikakaa pale pale alipokaa yeye. Sikucheza noti nyingi. Nilicheza ile solo yangu, ile ambayo watu wa Mashuuru waliisikia kwa kinanda, nikaicheza polepole ili kila mtu amtambue mwenyewe wake. Omolo aliongeza nguvu. Nikaongeza kidogo. Niliona mdomo wake unapanuka na sauti haitoki, ipo lakini haifiki, na safari hii haikuwa waya. Alijua haikuwa waya. Alinitazama kama mtu anayeona mto ukiingia nyumbani kwake.

Akanyoosha mkono kuashiria shusha. Nikamtazama na nikaendelea. Akaja mpaka kwa ubao wangu, akainama kutafuta kitufe, na katikati ya zile pedali hakujua ni kipi. Alisimama hapo ameinama mbele ya miguu yangu, na Musau hakuacha kupiga. Nilimwacha atafute. Nilimaliza solo yote, nikairudia tena kutoka mwanzo, yeye akiwa bado ameinama.

Alipoinuka alirudi kwa maiki, akaizima mwenyewe. Akatoka nje akaenda kusimama kwa lango.

Hiyo ndiyo raha niliyokuwa naitafuta. Ilikaa. Bado iko.

Ameniandikia barua ndefu. Anasema alinificha kwa sababu nilikuwa sijui, kisha akanificha kwa sababu nilijua. Nafikiri anasema kweli, na ukweli huo umeniumiza kuliko uongo. Sikumjibu na sitamjibu. Anataka nimweleze mama wa hoteli kwamba ilikuwa hitilafu ya mitambo. Nilikwenda kwa huyo mama, nikamweleza kwamba bendi aliyoipenda haina mwimbaji na haitakuwa na yule. Akaniuliza tunaweza kuanza lini.

Musau yuko nami. Mpiga kinanda aliomba kuja, nikamkatalia, maana alijua alichokuwa anacheza. Mpiga besi amebaki na Omolo. Kwa hivyo natafuta mtu, na namkumbuka msichana mmoja niliyesoma naye chuo, aliyekuwa anapiga besi kwenye bwalo mpaka matroni anatufukuza. Sijui kama bado ana vidole.

Ukikubali, njoo Kitengela Jumamosi hii. Nimepata chumba kingine, hakina kuku wala magunia. Besi njoo nayo. Mixer iache Illasit.

Achola